Shimo la Moto, Maji ya Mvua: Tafakari ya Safari ya Baiskeli hadi Ziwa Chala



Leo nataka tukae kidogo na swali ambalo kila aliyewahi kufiwa, au kuachwa, au kunyimwa kitu alichokililia kwa Mungu, amewahi kuliuliza hata kama hakulitoa mdomoni. Haya yaliyonipata, ni Mungu kayafanya? Na kama ni yeye, naendaje tena kupiga magoti mbele yake na kumwita Baba?

Somo letu ni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Kama Biblia iko karibu, isome yote kwanza, haichukui dakika tano. Mimi sura hii nimeisikia kanisani tangu utotoni, lakini kiukweli imeniingia nikiwa juu ya baiskeli, kwa hiyo nivumilieni nipitie barabarani kabla ya kufika kwa nabii Eliya.

Mimi ni wa Kigombe, kijiji cha wavuvi kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani. Mbele yetu bahari, nyuma yetu mkonge. Wakatoliki hapa si wengi, na wengi wetu ni wajukuu wa manamba, wale vibarua walioletwa kutoka bara kukata mkonge enzi za mkoloni. Babu yangu alitoka Kigoma na mkataba wa kazi mfukoni na rozari shingoni. Mkataba uliisha, rozari bado tunayo nyumbani.

Agosti mwaka jana vijana sita wa kigango chetu, wavulana wanne na wasichana wawili, tuliamua kwenda kwa baiskeli mpaka Ziwa Chala chini ya Kilimanjaro, kisha tumalizie Tengeru, karibu na Arusha. Baiskeli mbili zilikuwa za gia. Nne zilikuwa Phoenix zilezile za kubebea samaki, na harufu yake zilikuwa nayo bado. Fundi aliyezikagua ni jirani yetu Mwislamu. Alibadilisha spoku, akakaza breki, akatupa viraka na solusheni, na hela ya ufundi akaikataa. Akasema, "Mkifika huko mlimani mniombee na mimi." Mliokulia Tanga hamtashangaa.

Kwa wanaotaka kuijua njia, ni hii. Unatoka Kigombe hadi Tanga mjini, unakwenda Muheza, unafika Segera unakokutana na barabara kuu ya Dar kwenda Arusha, halafu Korogwe, Mombo, Hedaru, Makanya, Same, Mwanga na Himo. Ni kama kilometa 350. Sisi tulitumia siku saba, tukilala parokiani au kwa wanajumuiya waliotupokea. Tuliondoka kunapopambazuka, saa nne tukalitafuta kivuli, saa kumi jioni tukaendelea. Usiku hatukukanyaga pedali hata mara moja. Malori ya barabara ile hayana utani, na kila mmoja alivaa kizibao cha reflekta kama bodaboda.

Baada ya Mombo upande wa kulia una Usambara, baadaye Upare, kama ukuta usioisha, na upepo unakuja usoni kana kwamba umetumwa. Kati ya Hedaru na Same kuna mchana ambao sitaki kuuelezea. Milima hiyo si ya volkano, ni miamba ya kale sana iliyoinuliwa. Nchi inabadilika ukishaipita Mwanga na kuikaribia Himo. Unaanza kuona mawe meusi yenye vitundu, udongo mzito, na vilima vidogo vya duara, kimoja hapa, kingine kule, kama vyungu vilivyofunikwa. Upande huu wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro viko vingi. Kila kimoja ni mahali ambapo moto ulitoboa ardhi zamani za kale. Sisi watu wa pwani tumezoea tambarare, basi hapo ndipo tulipojifunza kukokota baiskeli.

Sasa niwaambie kuhusu mwenzetu mmoja. Ameniruhusu nimwandike, ila bila jina.

Mdogo wake alikwenda baharini usiku wakati wa kusi, na chombo kilirudi bila yeye. Alikuwa na miaka kumi na saba. Msibani watu walisema yale tunayoyasema siku zote: Mungu amempenda zaidi. Ni mipango ya Mungu. Kazi yake haina makosa. Mwenzetu alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa, na baada ya arobaini akaacha kukomunika. Hakuhama kanisa, hakumtukana mtu, pombe hakuanza. Aliacha tu. Nilipomfuata nyumbani aliniambia, "Kaka, na ninyi sina ugomvi. Ugomvi ninao na yeye." Alikubali kuja safarini kwa sababu ndiye anayejua kuziba pancha kuliko sisi wote, na wasichana walimwambia bila yeye hawaendi.

Kutoka Himo tulikunja kulia kuelekea Holili, mpakani, kisha tukaingia barabara ya vumbi. Ziwa Chala halionekani kwa mbali. Unapanda kilima kikavu, nyasi na miiba, unajiuliza kama umepotea, halafu unafika ukingoni na ardhi inaishia hapo. Chini kabisa, ndani ya kuta za mwamba, kuna maji ya buluu yanayogeuka kijani kadiri jua linavyosogea. Nusu ya ziwa ni ya Tanzania, nusu ni ya Kenya. Kina chake ni kama mita 90. Na ukilitazama pande zote, hakuna mto mkubwa unaoingia wala mto unaotoka.

Mzee mmoja alikuwa anachunga mbuzi pale juu. Tukamwamkia, akaitikia, akatuonya tusiogelee. Mwenzetu ndiye aliyeuliza, na hilo lilinishangaza, maana tangu asubuhi hakuwa amesema neno.

"Babu, maji haya yanatoka wapi?"

Mzee akaelekeza fimbo upande wa mlima, ambao siku hiyo ulikuwa ndani ya mawingu. "Kule juu msituni. Mvua inanyesha kule, inapita chini kwa chini, inakuja humu. Sisi huku mvua hatuna."

"Na hili shimo, nalo limetoka kule juu?"

"Aa, shimo ni moto. Moto wa zamani."

Akaondoka na mbuzi wake. Nilikuja kusoma baadaye kwamba waliochunguza maji ya Chala wanasema kama yeye. Sehemu kubwa ya maji ni mvua inayonyesha kwenye misitu ya Kilimanjaro, inazama ardhini, na kulifikia ziwa kwa njia za chini. Mvua ya pale pale ni ndogo kuliko maji yanayochukuliwa na jua. Kama ziwa lingetegemea wingu lililo juu yake tu, lingekwisha kukauka zamani.

Vijana, shikeni hilo jibu la mzee, kwa sababu sisi tunaohubiri mara nyingi tunalichanganya. Tunamkuta mtu ana shimo kifuani na tunamwambia, "Mungu amekuchimba ili akujaze." Inasikika vizuri kwenye kipaza sauti. Lakini tazama Chala. Kilichopasua ardhi ni kimoja, kilichojaza ni kingine, na havikutoka mahali pamoja. Mvua haikulipua kilima. Mvua ilikuja baadaye, taratibu, kutoka mbali, ikalikuta shimo, ikakaa humo. Mimi siwezi kumwambia ndugu yangu kwamba Mungu alimzamisha kijana wa miaka kumi na saba ili kaka yake awe na imani yenye kina. Sijaona Injili inaposema hivyo. Mbele ya kaburi la Lazaro Yesu hakumweleza Martha na Mariamu faida za msiba. Alilia.

Sasa rudi kwa Eliya. Amechoka, anatishiwa kuuawa, anakaa chini ya mti jangwani na kumwomba Mungu amtoe roho. Anakuja malaika. Ukiisoma vizuri utaona malaika hamfafanulii jambo lolote. Hampi sababu, hamkemei kwa kukata tamaa. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamgusa mara ya pili na kumwambia ale, kwa kuwa safari iliyo mbele inamzidi nguvu. Mtu aliyetoka Hedaru hadi Same juani anaelewa kwamba hiyo ni theolojia ya hali ya juu.

Anafika Horebu baada ya siku arobaini. Unapita upepo wa kupasua miamba, na Bwana hayumo. Linapita tetemeko, hayumo. Unapita moto, hayumo. Kisha inakuja sauti ndogo, tulivu, na Eliya anaufunika uso wake. Ngoja, msije mkaniandikia kwamba Mungu alisema na Musa katika kijiti cha moto na kwamba Pentekoste ilikuwa na ndimi za moto. Najua. Sisemi Mungu hawezi kuwemo motoni. Nasema si kila moto unaopita maishani mwako una jina lake, na Maandiko yenyewe yametupa ruhusa ya kusema hivyo.

Kuna kitu kingine katika sura hiyo, nacho tunakiruka. Eliya analalamika kwamba amebaki peke yake. Mungu anamjibu kwamba wako watu elfu saba katika Israeli ambao hawajampigia Baali goti. Elfu saba! Eliya hakuwa anamwona hata mmoja. Walikuwa chini kwa chini.

Hapa ndipo ninapotaka kufika na ninyi. Ukiwa mkavu, ukiwa huwezi kusali, ukikaa kwenye benchi na midomo haifunguki, usijipime kwa wingu lililo juu ya kichwa chako tu. Kanisa tunaliungama kuwa ushirika wa watakatifu, na maana yake, kwa lugha ya Chala, ni kwamba mvua inaweza kunyesha kwa mwingine na maji yakakufikia wewe. Kuna bibi fulani anayesali rozari alfajiri na hakujui. Kuna masista nyuma ya ukuta wa monasteri ambao kazi yao ya siku ni hiyo. Kuna Misa inayoadhimishwa sasa hivi mahali usipopajua, na humo wanaombewa walio hai na waliokufa. Haya hayaonekani yakiingia. Hakuna mto wa kupiga picha.

Soma pia Marko sura ya 2, mwanzoni. Yule mwenye kupooza aliletwa na watu wanne, wakakosa mlango, wakapanda juu na kutoboa paa la watu. Mwinjili anasema Yesu aliiona imani yao. Yao! Ya yule aliyelala kwenye godoro haisemwi lolote. Labda alikuwa nayo, labda alikuwa ameshachoka siku nyingi. Wanne waliibeba pamoja na godoro.

Tarehe 27 Agosti tulikuwa Moshi, tukaingia Misa ya asubuhi. Ni sikukuu ya Mtakatifu Monika, yule mama wa Afrika ya Kaskazini aliyemlilia mwanae Augustino kwa miaka mingi, na kesho yake, tarehe 28, Kanisa linamwadhimisha huyohuyo mwanae. Hatukupanga. Padre hakuongeza mengi, alisema tu kwamba kati ya sikukuu ya mama na ya mtoto kuna usiku mmoja, lakini Monika aliungoja usiku huo karibu maisha yake yote. Mwenzetu alibaki nje na baiskeli. Alisema lazima mtu azilinde, na kweli ilikuwa lazima.

Tengeru nako kuna ziwa la kreta, Duluti, dogo, limezungukwa na msitu, unaweza kulizunguka kwa miguu. Nalo halina mto. Lakini tulichokiendea hasa ni makaburi yaliyo jirani. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, waliletwa hapo wakimbizi wa Kipolandi, karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Waliondolewa makwao kwa nguvu na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na kwingineko, waliosalimika wakapitia Iran, mpaka wakajikuta chini ya Mlima Meru. Wakajenga vibanda, shule na kanisa. Baada ya vita wakatawanyika duniani. Zaidi ya mia moja hawakuondoka, wamelala pale, misalaba imepangwa kwa mistari, na Watanzania ndio wanaopatunza.

Nilitaka tusali kisha twende, maana jua lilikuwa linazama. Mwenzetu akazunguka kaburi moja moja akisoma majina asiyoweza kuyatamka. Akasimama mbele ya moja kwa muda mrefu. Halafu akageuka akatuuliza, "Hawa nani anawaombea? Ndugu zao wako wapi?" Hakuna aliyejibu. Akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaanzisha Raha ya Milele kwa sauti, nasi tukaitikia.

Ilikuwa sala ya kwanza niliyomsikia akisali kwa miezi kumi na moja. Aliwasalia Wapolandi.

Sitaki kuipamba. Hakukomunika Jumapili iliyofuata, na mpaka leo ninapoandika bado. Hakulia, hakutoa ushuhuda. Usiku ule tulipokuwa tunakula ndizi nyumbani kwa mama aliyetupokea, alizungumza habari za tairi la nyuma la mmoja wa wasichana. Lakini mimi nilikuwa nimemwona mtu anayejiita mkavu akinyesha mvua kwa watu waliokufa kabla mama yake hajazaliwa. Sijui maji yale yamepita wapi chini ya ardhi. Najua hayakupotea.

Basi tunafanya nini? Nawaomba mambo machache tu. La kwanza, ukienda msibani, funga mdomo. Peleka maji, unga, kuni, osha vyombo, kaa. Fanya kama yule malaika. Maneno "mipango ya Mungu" yaache nyumbani. La pili, mchague mtu mmoja ambaye hawezi kusali kwa sasa, umfanye kuwa kazi yako. Usimtumie picha za aya za Biblia kila asubuhi, hilo linachosha hata watakatifu. Mwombee tu. Fungu moja la rozari linatosha, ila liwe la kila siku, na usimdai matokeo. Wewe uliye na mvua sasa hivi ni msitu wa mtu fulani. Msitu hauhesabu matone yaliyofika ziwani.

Na kama wewe ndiye mkavu, huna haja ya kujilazimisha kuhisi kitu. Njoo ukae. Kaa nyuma, kaa nje chini ya mwarobaini, linda baiskeli. Padre wako anaweza kukusikiliza hata kama hujawa tayari kuungama. Mwambie hivyo hivyo, kwamba umekuja kuongea tu. Na Mungu mwenyewe unaweza kumwambia kwamba una ugomvi naye. Ayubu alimwambia, Yeremia alimwambia, zaburi zimejaa watu wanaomwambia.

Tulirudi kwa basi, baiskeli zikiwa juu. Fundi alikuwa anatungoja barazani, akauliza kama tumemwombea, tukamwambia ndiyo, Chala na Tengeru. Akasema, "Alhamdulillah," akaanza kuzikagua cheni.

Sisi watano tunasali fungu moja kwa ajili ya mwenzetu kila siku saa tatu usiku, kila mtu kwake. Hatukumficha. Wiki iliyopita nilimwuliza kama inamkera, kwamba kama inamkera tutaacha kumtaja. Alikuwa anaziba pancha ya baiskeli yangu. Hakuinua kichwa.

"Endeleeni tu," akasema.